Hesabu ya Miezi

Bibi Agatha Poldark anakaribia kutimiza miaka 100. Hakuolewa, hana mtoto, masikio yake yamechoka, na kwa muda mrefu dunia yake yote imekuwa chumba kimoja cha ghorofani katika jumba la Trenwith, huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Karamu ya siku hiyo ndiyo inayompa sababu ya kuamka asubuhi. Mialiko imeshapelekwa. Ndipo George Warleggan, tajiri wa benki aliyeingia katika jumba hilo kwa kumwoa mjane wa ukoo, anapopekua madaftari ya kanisa na kugundua kwamba bibi huyu ana miaka 98 tu. Anapanda ngazi kwenda kumwambia kwamba karamu imefutwa. Angeweza kumtuma mtu. Anakwenda mwenyewe kwa kuwa anataka kuuona uso wake.

Agatha aliyepokonywa miaka miwili anajibu kwa kumpokonya George mwezi mmoja. Anamwambia kwamba mwanawe Valentine hakuwa njiti. Ameshuhudia watoto wengi wakija duniani, na yule alizaliwa ametimia. George alifunga ndoa na Elizabeth mwezi Juni 1793, na mtoto akazaliwa Februari 14, 1794, usiku wa kupatwa kwa mwezi. Tangu Juni hadi Februari ni miezi minane, na nyumba nzima iliambiwa kwamba amekuja kabla ya wakati. Kama alikuwa wa miezi tisa, mimba iliingia kabla ya harusi. Ajuza hana haja ya kuongeza neno. Muda si mrefu anakata roho, na George anashuka ngazi akiwa na kitu ambacho hataweza kukitua maisha yake yote.

Winston Graham aliandika riwaya 12 za ukoo wa Poldark, ya kwanza mwaka 1945 na ya mwisho mwaka 2002, na katika zote sijakutana na kurasa kali kuliko hizi za mwishoni mwa The Black Moon. Wengi wanaijua hadithi kwa tamthilia za BBC, ile ya 1975 hadi 1977 na ile ya 2015 hadi 2019, nao hukumbuka zaidi majabali, bahari na farasi. Mimi hunirudisha humo mambo mawili ambayo Graham aliyafuatilia kwa subira miaka mingi: mtoto asiyejulikana ni wa nani, na mwanamke anayebeba mimba wakati ambapo wenzake walishaziaga. Mambo hayo mawili ameyaweka katika miili ya wanawake wawili waliompenda mwanamume mmoja, na nadhani hakuyaweka hivyo kwa bahati.

Kwa asiyeijua hadithi: Ross Poldark anarudi kutoka vita vya Marekani mwaka 1783 na kumkuta mchumba wake Elizabeth yuko mbioni kuolewa na binamu yake, Francis. Baada ya miaka michache Ross anamwoa Demelza, binti wa mchimba madini, aliyemwokota kwenye gulio la Redruth akiwa na miaka 13 na kumfanya mtumishi wa jikoni. Francis anafia mgodini. Elizabeth, aliyechoka na ufukara wa kiungwana, anakubali kuolewa na George, adui mkubwa wa Ross. Habari zinamfikia Ross kwa barua. Usiku huohuo wa Mei anapanda farasi, anaingia Trenwith bila kubisha hodi, anapanda hadi chumbani kwa Elizabeth, na kabla hajaondoka ameshafanya jambo ambalo hakuna mmoja wao atakayelitaja kwa jina lake.

BBC ilipoirusha sehemu hiyo mwaka 2016, Waingereza walibishana sana: je, alimbaka, au mwanamke aliishia kuridhia? Mimi sioni ubishi. Alisema hapana. Mtu aliyesema hapana katika chumba chake mwenyewe, mbele ya mwanamume aliyeingia bila ruhusa, hakuhitaji kusema tena mara ya pili ndipo aeleweke. Uzito wa yote yanayofuata unatoka hapo. Aibu ya kesho yake inamkalia aliyetendewa, na yeye ndiye atakayelazimika kuhesabu siku kwa vidole, gizani, akimsikiliza mume mpya akipumua kando yake.

Hesabu hiyo sheria haikuidai. Huko Uingereza, mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa alikuwa wa mume, hata kama harusi ilimkuta mama ameshakuwa mjamzito. Mwaka 1777, miaka 17 kabla ya Valentine kuzaliwa, Jaji Mkuu Lord Mansfield alikwenda mbali zaidi. Alisema mume na mke hawaruhusiwi kusimama mahakamani kutoa ushahidi kwamba hawakukutana kimwili, endapo ushahidi huo utamfanya mtoto aliyezaliwa katika ndoa yao aonekane wa haramu. Mahakama ilijiziba masikio makusudi. Ilijua kwamba wako watoto wasio wa waume wa mama zao, na ikaamua kwamba madhara ya kuchimbua ni makubwa kuliko faida yake.

Sisi nasi tumelisikia hilo tangu utotoni: kitanda hakizai haramu. Katika fikihi, msingi wake ni hukumu ya Mtume kwamba mtoto ni wa kitanda, yaani wa ndoa alimozaliwa. Wanazuoni wakaisoma Qurani, miezi 30 ya mimba na kunyonyesha kwa pamoja, wakatoa miaka miwili ya kunyonya, wakapata miezi sita kuwa muda mfupi kabisa wa mimba. Mtoto wa miezi minane, kama Valentine wa Trenwith, asingemshughulisha kadhi hata kidogo. Kwa upande wa pili, madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, yaliweka muda mrefu kabisa wa mimba kuwa miaka minne. Msomaji wa leo aliyefunzwa baiolojia anaweza kushangaa. Mimi nawaona watu waliowajua binadamu vizuri. Mjane, au mwanamke ambaye mumewe amesafiri kwa jahazi na pepo zimemkalisha ng'ambo, amewekewa nafasi kubwa kati ya kalenda na shingo yake. Ndani ya miaka minne hiyo mtoto anapata jina, urithi, na mahali pa kukaa msibani.

Kwa hiyo George hakuwa na kesi popote. Valentine alikuwa mwanawe kwa kanisa, kwa mahakama, na kwa majirani. Kilichokuwa kikimtafuna hakikuwa na mlango wa kutokea. Na hapa Graham ananigusa zaidi, kwa sababu hamfanyi George kuwa zimwi. Kabla ya maneno ya Agatha, George alimpenda mtoto huyo kwa upendo wa mtu aliyetoka chini. Babu yake alikuwa mhunzi, na sasa mjukuu wa mhunzi ana mrithi aliyezaliwa Trenwith, katika damu ya kale ya Elizabeth. Valentine akiwa mchanga alipata ugonjwa wa mifupa uletao matege, na baba akafadhaika. Baada ya Agatha, mtoto ni yuleyule, miguu ni ileile, lakini George hawezi kumtazama. Mtoto hajafika hata miaka miwili. Anamkimbilia baba, baba anamwangalia nywele, macho, pua. Mtu mzima anamsoma mtoto mdogo kama hati ya deni, na mtoto hajui kusoma.

Siku moja Elizabeth anafika mwisho wa uvumilivu. Katika The Four Swans anachukua Biblia na kuapa mbele ya mumewe kwamba hajapata kumpa mwili wake mwanamume yeyote ila Francis na yeye George. Kiapo ni cha kweli. Hakumpa Ross kitu; Ross alichukua. Nadhani ni kiapo cha kusikitisha kuliko vyote nilivyowahi kusoma, kwa sababu dhuluma aliyofanyiwa ndiyo iliyompa njia ya kuapa bila kusema uongo. George anaridhika, kwa muda.

Sura ya An-Nur inamwekea mume mwenye shaka utaratibu wake. Ataapa mara nne kwamba anasema kweli, na mara ya tano ajiapize laana kama ni mwongo. Mke naye ataapa mara nne kumkanusha, na mara ya tano ajiapize ghadhabu ya Mungu, na adhabu inamwondokea. Lakini ndoa inakwisha, na mtoto anafuata nasaba ya mama. Nimewaza mara nyingi kuhusu ukali wa utaratibu huo, na sasa nauona una huruma ndani yake. Mwanamume anaambiwa achague. Unaweza kuondoka na shaka yako, ukawaacha watu hawa waishi. Huwezi kukaa nao nyumba moja, ukala chakula chao, na kila jioni ukawahoji kwa macho. George alitaka yote mawili. Alitaka mke, heshima ya jumba, mrithi, na shaka pia.

Na Ross? Ndiye baba, tukifuata miezi. Anakutana na Elizabeth kwenye viwanja vya kanisa la Sawle, na kwa mara ya kwanza Elizabeth anamweleza anavyoishi. Ross anafikiri, kisha anamshauri. Ukipata mimba nyingine, anamwambia, mfiche George tarehe, ili mtoto akija aonekane tena kuwa wa miezi minane. Akiona wewe ni mtu wa kuzaa mapema, atamwamini na Valentine. Ni ushauri wa mwanamume mwenye akili, aliyetaka kwa dhati kusaidia. Niliposoma mara ya kwanza nilipita haraka. Sasa siwezi kupita. Aliyesababisha yote anatoa suluhisho, na suluhisho hilo linamhitaji Elizabeth peke yake: tumbo lake, uongo wake, hatari yake.

Mimba inakuja mwaka 1799. Elizabeth ana karibu miaka 35, amezaa mara mbili, na mtoto wake wa kwanza, Geoffrey Charles, sasa ni kijana wa shule. Kijana huyu anamwangalia mdogo wake na kusema, bila nia mbaya, kwamba Valentine amefanana na mjomba Ross kabisa. George anasikia. Barafu inarudi nyumbani. Elizabeth anaona kwamba kudanganya tarehe hakutoshi. Mumewe ni mtu wa hesabu, na safari hii atahesabu tangu mwanzo. Mtoto hana budi kuzaliwa mapema kwelikweli. Yupo daktari London, Anselm, aliyempa chupa ndogo baada ya kumwonya. Mwezi Desemba anainywa.

Msichana anazaliwa akiwa hai, mdogo, mzima. George anajawa na furaha. Anamwomba mkewe msamaha, anamwita Valentine mwanawe, wanampa mtoto jina la Ursula. Kwa saa chache nyumba hiyo ina amani ambayo haijapata kuwa nayo. Kisha vidole vya Elizabeth vinaanza kupata ganzi, miguu inageuka rangi, na harufu inajaa chumbani. Mwili wake unaoza angali anasema.

Graham hakukitaja kilichokuwa ndani ya chupa, lakini anazozieleza ni dalili zinazojulikana. Iko kuvu nyeusi inayoota kwenye masuke ya nafaka ya rai, na wakunga wa Ulaya waliitumia kwa karne nyingi kuharakisha uchungu. Huukaza mfuko wa uzazi kwa nguvu, na hukaza mishipa ya damu vilevile, hadi damu isifike kwenye vidole, mikono na miguu. Vijiji vizima vya Ulaya viliwahi kuugua hivyo kwa kula mkate wa nafaka yenye kuvu hiyo, wakauita ugonjwa huo moto wa Mtakatifu Antonio. Mwaka 1935 wataalamu walifanikiwa kuitenga dawa iliyomo ndani yake, ergometrini, na mpaka leo wakunga huichoma kwa wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua. Kitu kilichomwua Elizabeth kimewaokoa wanawake wengi mno baadaye, kwa sababu kimetolewa kwa kipimo, kwa wakati wake, na kwa faida ya mwanamke mwenyewe. Yeye alikinywa kwa faida ya utulivu wa moyo wa mumewe.

Tamthilia ya BBC iliongeza jambo ambalo halimo katika riwaya kwa namna hiyo. Katika msimu wa 2017, mimba ya Valentine ikiwa imefika mwisho, Elizabeth anajitupa ngazini ili uchungu uonekane umeletwa na ajali. Wapenzi wa vitabu walilalamika. Mimi naona waandishi walielewa. Mara mbili mwanamke huyu anaulazimisha mwili wake utoe ushahidi wa uongo, mara ya kwanza kwa ngazi, mara ya pili kwa sumu, na mara zote mbili mwili unatii.

Demelza naye alizaa, tena zaidi ya Elizabeth, na hakuna aliyewahi kuhesabu. Mtoto wake wa kwanza, Julia, alikufa kwa ugonjwa wa koo angali mchanga. Wakafuata Jeremy, Clowance na Isabella-Rose. Kisha miaka kumi ya kimya. Mwishoni mwa 1812, akiwa amevuka miaka 40, Jeremy na Clowance wakiwa watu wazima wenye mapenzi na siri zao, anampata Henry. Mimba hiyo inamshtua. Ana aibu kidogo mbele ya wanawe, ana hofu asiyoisema mbele ya mumewe, ana uchovu wa magoti na mgongo. Lakini katika kurasa zote hizo hakuna anayemuuliza mtoto ni wa nani. Na Demelza si kwamba alikuwa mke asiye na doa. Kabla ya hapo aliwahi kumpenda Hugh Armitage, luteni kijana aliyekuwa akipofuka, wakakutana siku moja kando ya bahari. Graham akahakikisha hakutoka mtoto. Nafikiri aliogopa kumfanyia Demelza aliyomfanyia Elizabeth.

Tusiuone uzazi huo wa Demelza kuwa kioja cha hadithi. Kabla ya dawa za kupanga uzazi, mwanamke wa Uingereza ambaye ndoa yake ilidumu alikuwa akipata mtoto wake wa mwisho akiwa na miaka takribani 40. Uzazi wa umri mkubwa ulikuwa mwisho wa safari ndefu, baada ya sita, saba, nane, wengine wako makaburini. Siku hizi tukisema mwanamke amechelewa kuzaa tunamwaza yule mwenye mimba ya kwanza akiwa na miaka 38, mwenye shahada na kazi, anayepangiwa vipimo na daktari. Zamani aliyezaa na umri mkubwa alikuwa mama wa watu. Huku kwetu bado tunao. Wengi tumekulia katika nyumba ambamo mjomba ni mdogo kuliko mpwa, wakagombana juu ya mpira mmoja, na bibi akaamua kesi huku ananyonyesha. Mtaani watacheka kidogo kwamba mama mkwe mzima ana tumbo, atajifungia ndani wiki chache za kwanza, kisha kitinda mimba atazaliwa na kudekezwa na ukoo mzima.

Miaka miwili na nusu baada ya Henry, Jeremy anauawa Waterloo, Juni 1815. Baba yake yuko karibu naye anapokata roho. Demelza amewazika sasa wawili, wa kwanza na wa pili. Graham ana busara ya kutomwambia kwamba Henry ni badala. Mtoto mdogo anataka uji, anataka kubebwa, anaanguka, analia, na mama anainuka kwa sababu lazima mtu ainuke. Mwisho wa mwaka huo mjane wa Jeremy anajifungua msichana, na Demelza anakuwa bibi huku mwanawe mwenyewe hajafikisha hata miaka mitatu na nusu. Sijui ukurasa mwingine wa riwaya za Kiingereza unaoheshimu kiasi hicho mwili wa mwanamke wa makamo, mwili uliozaa, ukazika, ukazaa tena, usiodaiwa kuthibitisha lolote.

Kuna uzazi wa uzeeni wa aina nyingine, ambao familia nyingi zinaujua na hazikuuandika. Binti anapata mimba nje ya ndoa, mama yake anaanza kuvaa nguo pana, na mtoto akizaliwa anaitwa kitinda mimba wa bibi. Catherine Cookson alizaliwa hivyo mwaka 1906 huko Tyne Dock, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Alilelewa akiwaita babu na bibi baba na mama, na Kate, mwanamke aliyeingia na kutoka akinuka pombe, akimjua kuwa dada. Watoto wenzake mtaani ndio waliomwambia kwamba Kate ni mama yake na kwamba hana baba. Mtoto huyo alikua akafanya kazi ya udobi, akaanza kuandika, akawa mmoja wa waandishi waliouza zaidi nchini mwake, zaidi ya nakala milioni 100. Kwa miaka mfululizo hakuna mwandishi ambaye vitabu vyake viliazimwa zaidi yake katika maktaba za umma za Uingereza. Karibu katika kila riwaya yumo mtoto asiyejua ametoka wapi. Yeye mwenyewe mimba zake zote ziliharibika, moja baada ya nyingine, na hakupata mtoto. Alikufa mwaka 1998.

Wakubwa walifanya vilevile kwa gharama kubwa zaidi. Georgiana, mke wa Duke wa Devonshire, alipelekwa ng'ambo ya bahari na mwaka 1792 akajifungua Ufaransa mtoto wa Charles Grey, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Msichana, Eliza, akapelekwa kwa wazazi wa Grey, akakua akidhani baba yake ni kaka yake. Hiyo ni miaka miwili tu kabla ya Valentine wa hadithi. Kwa hiyo Graham hakubuni mateso yasiyokuwepo. Alichofanya ni kukataa kumhamisha mtoto. Valentine anabaki palepale, mezani, kati ya mama anayejua na baba anayehisi.

Siku hizi kipo kipimo. Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester aligundua mwaka 1984 namna ya kusoma vinasaba vya mtu mmoja mmoja, na ningependa jambo moja la mwanzo huo likumbukwe zaidi. Kesi ya kwanza ambamo ugunduzi huo ulitumika, mwaka 1985, ilihusu mvulana aliyerudi Uingereza kutoka Ghana, na maofisa wa uhamiaji wakamwambia mama kwamba huyu si mwanao. Vipimo vikaonyesha ni wake. Kazi ya kwanza ya elimu hiyo ilikuwa kumrudishia mwanamke mtoto wake. Tangu hapo imekuwa zaidi silaha ya akina George. Kwetu Tanzania ombi la kipimo cha vinasaba halipelekwi tu na yeyote mwenye wivu. Sheria ya 2009 inataka lipitie kwa wenye mamlaka, kama mahakama au ofisa ustawi wa jamii, kisha ndipo Mkemia Mkuu wa Serikali afanye kazi yake. Kila matokeo yanapotangazwa, vijiwe vyote huchangamka, watu wakisahau kwamba wanaopimwa ni wale ambao nyumba zao zilikwishaingiwa na shaka. Yapo mambo kipimo kinaponya: mama aliyetelekezwa anapata haki ya matunzo, marehemu anapata warithi wake. Siombi kifungwe. Lakini najiuliza George angefanya nini na karatasi ile mkononi, na kila nikijiuliza namwona Valentine, na matege yake, amesimama mlangoni akisubiri kuambiwa aingie au atoke.

Valentine alikua vibaya. Kejeli, wanawake, biashara za magendo, na mkono mwepesi wa kuharibu kila alichopewa. Watu walisema ni damu ya Poldark. Mimi nasema ni malezi ya macho ya Warleggan. Akiwa mtu mzima anakwenda kwa Ross na kumuuliza waziwazi. Ross anatafuta jibu la kweli na halipati, kwa kuwa hata yeye anachojua ni usiku mmoja na hesabu ya miezi. Wanabaki wanapendana kwa namna yao, bila jina la kuita upendo huo. Katika riwaya ya mwisho Valentine anakufa kwa moto katika nyumba yake mwenyewe, bado kijana. Graham alikuwa na miaka zaidi ya 90 alipoandika hayo. Alikuwa amekaa na mtoto huyu tangu miaka ya sabini, na hakumpa baba.

Anayenisumbua sasa ni Ursula. Watu hawamzungumzii. Hakuna aliyemshuku; kati ya watoto wote wa Elizabeth yeye peke yake alizaliwa kuwa uthibitisho, akaitimiza kazi hiyo kwa saa chache, na aliyeihitaji kazi hiyo ifanyike akamzika mama yake siku chache baadaye. Amekua katika jumba la baba tajiri, pamoja na kaka ambaye baba amerudi kumchukia. Graham anamtaja hapa na pale katika vitabu vya mwisho, msichana ambaye hakuna mwenye haja ya kumchunguza. Lazima ilifika siku mtu mmoja, mtumishi mzee pengine, akamwambia kwamba alizaliwa kabla ya wakati wake, kwamba mama alikuwa mzima wiki moja kabla, kwamba kulikuwa na chupa. Ningependa kuusoma mlango huo. Ningependa kujua alikwenda kwanza kwa nani, kwa baba yake au kwa Valentine.